Njegere za Benchi la Kliniki

Mama Mdogo Tejwant alifunga kila kitu. Mtungi wa gesi aliufunga mnyororo kwenye nguzo kama mbwa mkali, vyombo vya shaba vikalala ndani ya sanduku la bati, na ufunguo ukaning'inia kwenye ncha ya mtandio wake. Ungedhani ana dhahabu. Alichokuwa nacho ni mwana, Gurlal, miaka ishirini na sita, ambaye alishauza pampu ya maji ya shamba kwa kete mbili za unga.

Kijiji chetu kizima, na vijiji viwili vya njia ya kwenda mjini Tarn Taran, vilijua. Mama Mdogo peke yake ndiye aliyeshikilia kwamba kijana ana ini bovu.

"Ini gani hilo linaiba pampu?" nilimuuliza. Alinirushia kandambili. Ana shabaha, yule mama.

Baridi ilipoanza, baada ya Gurlal kukutwa amezimia kwenye shamba la miwa, alimpeleka kliniki ya mjini. Mimi ndiye niliyewaendesha kwa pikipiki kila asubuhi, maana diploma yangu ilikuwa imelala katikati ya njia na sikutaka kuiamsha. Pale kliniki muuguzi anamwekea kijana kidonge cha kukata hamu ya unga chini ya ulimi, kisha kijana anakaa ukutani dakika kumi, mdomo umefungwa, mpaka kiyeyuke.

"Hizi ndizo dakika kumi za siku ambazo wanetu hawatudanganyi," alisema mama mmoja mnene kwenye benchi la nje, akampisha Mama Mdogo. "Kaa, mwenzangu. Umekuja na kazi gani?"

"Sina kitu."

"Mikono mitupu inaleta mawazo. Shika." Akammwagia njegere mapajani.

Huyo ndiye Mohinder. Kila mama wa benchi lile alikuja na kazi ya jikoni: njegere za kumenya, majani ya haradali ya kuchambua. Vidole vikishughulika, mdomo unafunguka wenyewe. Siku ya tatu Mama Mdogo alitaja pampu. Siku ya tano alilia. Siku ya sita alimkosoa mwenzake kwa kuacha vijiti kwenye haradali, nikajua mgonjwa wa pili naye ameanza kupona.

Wiki ya tisa Gurlal alikuwa amenenepa mashavu. Hapo ndipo Jagir, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mama Mdogo, alipokuja na masharubu yake na habari njema.

"Shemeji, nimempatia mchumba. Mwoeshe, atanyooka."

Hiyo ndiyo dawa yetu ya kila kitu. Kijana mlevi? Mwoeshe. Mvivu? Mwoeshe. Kama vile bibi harusi ni hospitali iliyovaa bangili.

"Ila asionekane kliniki mpaka harusi ipite," akaongeza. "Upande wa binti wana ndugu mjini. Wiki sita tu."

Kesho yake Mama Mdogo alilipeleka jambo benchini. Mikono yote ilisimama, isipokuwa ya Mohinder.

"Wangu aliacha kidonge wiki tatu," Mohinder alisema, "kwa ajili ya harusi ya dada yake. Sherehe ilipokwisha akarudia unga, kwa kipimo chake cha zamani. Mwili ulikuwa umeshakisahau. Tulimkuta bafuni."

Mama Mdogo aligeuka akawatazama vijana ukutani. Wiki tisa amekaa na mwanamke huyu, hajawahi kumuuliza wake ni yupi.

"Sasa unakuja kufanya nini hapa, dada?"

"Kumenya njegere."

Jumapili wageni walifika, watu tisa. Sambusa na jalebi za shira zilitosha ishirini. Baba wa binti, mzee mpole, aliuliza afya ya kijana.

"Chuma!" Jagir alidakia. "Huyu hata chai ya rangi inamlewesha."

Mama Mdogo aliweka birika chini.

"Chuma chenye kutu. Mwanangu alikuwa anakula unga. Sasa anatumia dawa ya kliniki, na kesho saa tatu asubuhi atakuwa huko. Akiiacha anaweza kufa. Na binti yenu ni mtoto wa watu, sitamfanya bandeji."

Kisha Gurlal, ambaye hakuna aliyemwuliza chochote, akasema, "Pampu niliuza mimi."

Mzee aliinuka, akaunganisha viganja. "Asante mama, kwa kutuambia leo na si mwakani." Wakaondoka kwa heshima, jambo ambalo lilimuudhi Jagir kuliko matusi.

"Umetuvua nguo, shemeji!"

"Basi kavae. Baridi kali."

Asubuhi iliyofuata nilipakia masinia mawili ya sambusa na jalebi zilizobaki kwenye pikipiki, Gurlal nyuma yangu, Mama Mdogo nyuma yake. Benchi zima lilikula mpaka vidole vikang'aa shira. Mohinder aliuliza posa imekwendaje.

"Imevunjika vizuri sana," alisema Mama Mdogo. Akafungua ufunguo kwenye mtandio, akamfuata Gurlal ukutani na kuutia mfukoni mwake. "Jioni uniandalie vyombo vya shaba. Hawa watakuja kula kwangu."

Kidonge kilikuwa bado chini ya ulimi wa Gurlal. Mohinder alimwekea jalebi moja kiganjani. Aliitazama, mate yanamjaa, shira inamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Zilibaki dakika nane. Akasubiri.