Baba Hakutuhesabu

Katekista Ponsiano alitaka namba. Ni mtu mwema, lakini akishika kalamu hasikii la mtu. Mwili wa baba yangu, Mzee Saruni, ulikuwa ndani, mazishi ni saa nane, na wasifu wa marehemu nilikuwa nimeshauandika wote isipokuwa sentensi moja.

"Nasieku, binti yangu, watu watataka kusikia. Ameacha watoto wangapi, wajukuu wangapi?"

"Sihesabu."

"Basi nitahesabu mimi."

"Thubutu. Utazika peke yako."

Mama yangu alicheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Kwetu Wamaasai viumbe hai havihesabiwi. Kutaja idadi ya ng'ombe au watoto ni kuliita balaa lije kuipunguza. Siku hizi wengi wanahesabu, hata karani wa sensa wanamjibu. Baba alikataa mpaka mwisho. Kila jioni alisimama mlangoni mwa boma letu huko mbugani Handeni, ng'ombe wakapita, mbuzi wakapita, nasi watoto tukapita, kisha akavuta tawi la miiba akafunga. Pengine aliuliza tu, "Yule mwekundu mwenye pembe iliyokatika yuko wapi?" Na kweli, hayupo.

Utaratibu huo niliuharibu mimi mwaka 1991, nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni Korogwe. Wazee wenzake walitaka niolewe. Lakini miaka ile ya ruksa, soko huria lilipoingia nchini, mambo yalikuwa yanageuka: duka la ushirika limefungwa, josho la kijiji la kuogeshea ng'ombe limekauka kwa kukosa dawa, vijana wanakimbilia Dar kulinda mageti ya watu. Baba alisema lazima mmoja wetu ajue kusoma maandishi ya kwenye chupa za dawa. Basi nikaenda.

Kwa kuwa sikupita tena mlangoni pake jioni, alinifuata. Kila mwisho wa mwezi alitembea mpaka Chanika, pale Handeni mjini, akapanda lori la Muhidini hadi Korogwe, akasimama nje ya uzio wa shule na fimbo yake, akanitazama, akageuka kurudi. Hakuleta hata ndizi. Wasichana walivunjika mbavu. "Nasieku, mlinzi wako kafika!"

Siku moja nikachoka. Kwetu mtoto humwamkia mzee kwa kuinamisha kichwa, na mzee humwekea mkono utosini. Baba alinyoosha mkono juu ya uzio. Nikasimama wima, nikasema, "Shikamoo, baba," kama watoto wa mjini. Mkono wake ukabaki hewani.

"Usije tena," nikasema. "Wananicheka."

"Haya," alijibu, akaondoka. Nilijiona nimeshinda, mpumbavu mimi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kabla ya kupanda lori alipitia Manundu, palepale Korogwe, dukani kwa Kantilal, alikonunua dawa ya kupe tangu josho lilipokufa. Sisi wanafunzi tulinunua sabuni hapohapo kila Jumamosi. Kuanzia mwezi ule Kantilal akawa ananitazama kutoka utosini hadi viatuni, nami nilidhani ananishuku wizi. Nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote.

Kumbe alikuwa ameombwa na baba anitazame. Tena baba hakupokea habari ya "mzima tu". Kantilal alimwambia Muhidini, Muhidini akamfikishia baba mnadani Chanika: soksi ya kushoto ina tundu; amenyoa nywele; kidole gumba kina kidonda lakini kinakauka; amecheka mara mbili. Muhidini alikuja kuniambia kwamba alikuwa anakariri njia nzima, maana akisahau kitu baba alimrudisha mwanzo.

Nilipokuwa kidato cha tatu, msimu wa mvua, nikashikwa na homa. Mitihani ilikuwa karibu, nikaificha. Nilimeza aspirini, nikawaambia wenzangu ni tumbo tu. Jumamosi ya kwanza sikwenda dukani, Kantilal akavumilia. Jumamosi ya pili alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo watu wa Manundu walilizungumza mwezi mzima, akaenda stendi kumtafuta Muhidini. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Sijamwona."

Kesho yake baba hakusimama nje ya uzio. Aliingia mpaka bwenini, matroni akimfuata nyuma kwa makelele, akaweka mkono utosini pangu. Kisha akanibeba, na uzee wake ule, mpaka hospitali. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Daktari alisema ningechelewa siku moja zaidi, yangekuwa mengine.

Nilipopata nafuu nilimwomba msamaha kwa kumfukuza.

"Msamaha wa nini?" alisema. "Si nilikutii? Sikuja."

Nililia mpaka muuguzi akaja kuuliza kama dripu inaniuma. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote. Shule nikaimaliza, na leo mimi ni bibi mifugo. Nasoma maandishi ya kwenye chupa za dawa na ninalipwa mshahara.

Basi saa nane ikafika, nikasimama kando ya kaburi nikasoma wasifu. Nilipofika pa ile sentensi ambayo sikuiandika, niliikunja karatasi nikaanza kuita kama ambavyo yeye angeita. Leboo mwenye kovu la kisigino. Lengai asiyejua kunyamaza. Mtoto wa Lengai anayenyonya kidole mpaka leo. Kila aliyetajwa alisogea mbele. Ilichukua muda mrefu, Ponsiano akatazama saa yake mara mbili, halafu akaacha kuitazama. Hakukosekana mtu.

Watu walipoanza kutawanyika, nilimwona Kantilal kwenye kivuli cha lori. Alikuwa ametoka Korogwe na mkongojo, mzee kweli sasa. Alinitazama kutoka utosini hadi viatuni.

"Umekonda," alisema. "Na kamba ya kiatu cha kulia imefunguka."

"Shikamoo, mzee. Sasa habari hizo utampelekea nani?"

"Hilo sijui. Ila hakuniambia niache."

Nikainamisha kichwa. Miaka yote ile alikuwa amewaona Wamaasai wakiamkiana dukani mwake, hakuhitaji kufundishwa. Akahamishia mkongojo mkono wa kushoto, akaniwekea wa kulia utosini.