Golikipa Wetu Tuliyemwita Bundi

Asubuhi ya mechi ya kule Sange, wachezaji wenzangu walikataa kupanda lori pamoja na golikipa wetu, na mimi, nahodha wao, nikakubali abaki. Golikipa huyo alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Laiti ningekataa.

Jina la Bundi nilimpa mimi mwenyewe. Alikuwa na macho makubwa ya mviringo, na wakati wa kona aligeuza shingo kama ndege yule, mwili ukiwa umetulia. Uwanja wetu wa Kadutu ulikuwa na mteremko. Mpira ukitoka upande wa chini, ulifuata njia ya miguu mpaka sokoni, na akina mama wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliurudisha wakitutukana kwa mapenzi. Bundi akidaka, watu wa mlima mzima waliguna pamoja, "Huu, huu," naye akainua glovu zake akicheka. Mpaka leo naikumbuka sauti ile.

Kisha tukapoteza mechi tatu mfululizo. Hapo ndipo watu walipokumbuka habari za bundi: kwamba ni ndege wa wachawi, akitua juu ya paa, nyumba inangoja msiba. Jina la mchezo likawa mashtaka.

"Kapiteni, kama Bundi anapanda, sisi tunashuka," beki wetu alisema.

"Na ni weye ulimubatiza," mwingine akaongeza, wakacheka.

Mdogo wangu alikuwa amesimama chini, mfuko begani. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, kama siku zote.

"Yaya, na weye unasema nibakie?"

"Leo bakia kwanza."

"Leo tu?"

Nilitaka kuendelea kuwa nahodha. Niligonga bati la lori, dereva akaliondoa.

Sange tulifungwa mabao manne, na Bundi hakuwepo. Niliporudi nyumbani nilikuta amechukua nguo zake, ameshuka kwenda mji wa Uvira. Ningeweza kumfuata. Mwanzoni niliona haya, baadaye nikazoea kutokwenda. Salamu nilizotuma kwa wasafiri hazikuwahi kujibiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni Kadutu kumnunulia mjukuu wangu mfuko wa shule. Alichagua wenye picha ya bundi aliyevaa miwani. Nikamuuliza muuzaji kama hana picha nyingine.

"Papa, hii njo watoto wanapenda. Hibou, huyu bundi, ni ndege ya akili."

Sasa mjukuu wangu anapita nao mtaani kila asubuhi, bundi mgongoni, na majirani wanamwambia mfuko wake ni mzuri.

Mdogo wangu hakuishi kuona hayo. Alifia Uvira, na habari zilinifikia akiwa ameshazikwa. Watoto wake hawanijui hata kwa sura. Kwa kukubali abaki asubuhi ile, nilimpoteza ndugu pekee niliyekuwa naye, na sikupata kumwomba msamaha.