Sheria ya Kulaza Watu Wawili

Nawaka hasira, na mjinga ni mimi mwenyewe. Jumapili tulicheza ule mchezo wetu wa mezani tulioupata kwenye mitumba, wa kujifanya mashujaa na wachawi huku dadu zikiamua. Juma, aliyekuwa mchawi mchanga kabisa wa daraja la kwanza, akalilaza jeshi langu zima kwa uchawi mmoja tu wa usingizi. Uonevu gani huu!

Jumatatu ofisini, bado nafoka, nikapiga taipu sheria mpya: “Mchawi wa daraja la kwanza alaze wawili tu.” Kwa hasira zangu nikaichomeka kimakosa kwenye faili la mkurugenzi, mzee anayesinzia kila kikao.

Alipoisoma, akaniita mbele ya ofisi nzima, karatasi mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Shikamoo yako siitaki! Kumbe ni wewe unayenilaza. Haya sema, wa pili ni nani?”