Hema Lisilo na Dirisha

Nianze kwa kutenganisha. Nililoliona kwa macho yangu ni wayo wa mtu, uliopita chini ya maji katika tundu la gati bovu, mchana, mimi nikiwa nimeketi ndani ya hema. Niliyoyasikia ni mengi zaidi: kwamba mdogo wangu ameonekana Mbagala akinunua machungwa, kwamba yuko Mafia na mke mwingine, kwamba wenyewe wa baharini wamemchukua na watamrudisha akiwa bubu. Hayo nimeambiwa na watu ambao nao waliambiwa. Sikumpata hata mmoja aliyesema "nilimwona mimi" na akabaki amesimama hapo nilipomuuliza saa na mahali.

Ninatenganisha kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akingojea. Shemeji yangu, mke wa huyo mdogo wangu, alikuwa hawezi kukaa eda wala kuvua mapambo kama mjane. Shekhe wa msikiti wao pale Temeke alikuwa amelisema wazi: mke wa aliyepotea si mjane, na uvumi haumfanyi mjane. Ama apatikane wa kushuhudia, ama mambo yapelekwe kwa kadhi, angojee. Na aliyekuwapo siku alipopotea nilikuwa mimi peke yangu.

Mdogo wangu alifanya kazi bandarini hadi alipostaafu, na raha yake ilikuwa moja, mshipi. Alipotolewa mtoto wa jicho, daktari alimkataza jua kali na upepo wa vumbi. Akavumilia siku kadhaa, kisha akaja kwangu na habari kwamba Tandika, kwenye mitumba, kuna mahema ya Ulaya, na kwamba mtu akikaa ndani ya hema anaweza kuvua bila kupigwa na jua. Nilimuuliza nani amemwambia. Akasema, "Kaka, twende ukaulize mwenyewe, maana nikikutajia jina utataka na la babu yake."

Tukaenda. Muuzaji alikuwa kijana mwenye kipaji cha kusema.

"Shikamooni wazee wangu. La harusi au la msiba?"

"La kuvulia," alisema mdogo wangu.

"Basi mmefika. Hili hapa la jeshi. Risasi haipiti."

"Umejaribu?" nikamuuliza.

"Nini, mzee?"

"Hiyo risasi."

Wa meza ya jirani wakaangua kicheko. "Leo umepatikana, braza! Huyo mzee ni hakimu!" Kwa bahati walikuwa wamepatia, ingawa nilikwisha kustaafu.

Niligeuza kitambaa nikasoma lebo. Halikuwa la jeshi. Palikuwa na picha ya mtu aliyevaa kofia ya manyoya, ameketi kwenye kigoda mbele ya tundu, mshipi mkononi. Na maandishi ya Kiingereza yalieleza kuwa ni hema la kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda. Nilimfafanulia mdogo wangu kwamba katika nchi za baridi watu hutoboa barafu, wakasimamisha hema juu ya tundu, wakakaa humo kujikinga na upepo.

"Kumbe wenzetu wapo," alisema, amefurahi kweli. "Na barafu ikiyeyuka?"

"Hawasubiri iyeyuke."

"Basi wana akili."

Yalikuwapo mahema mawili ya namna hiyo. La kwanza lilikuwa jepesi, la buluu, lenye madirisha ya plastiki pande zote. La pili lilikuwa zito na jeusi ndani, limefungwa juu ya beseni refu la plastiki lenye mdomo uliopinda juu, ambalo huko kwao hukokotwa juu ya theluji. Madirisha yake yalikwisha kupasuka, na mtu alikuwa ameyashonea vipande vya turubai. Mimi nilitaka la kwanza.

"Mtu akae ndani asijue nje kuna nini?"

"Nje tunakujua, kaka, tangu tuzaliwe. Mie jua ndilo ninalolikimbia."

"Na maji yakijaa utajuaje?"

"Si kuna tundu? Maji yatakuja kukubishia hodi yenyewe."

Jicho lilikuwa lake, na hema litakuwa lake. Tukachukua jeusi.

Tulilipakia kwenye guta. Dereva alilizunguka lile beseni, akalipiga kofi. "Wazee, mnakwenda kumwogesha tembo?"

"Tunaanza na wewe," alisema mdogo wangu, "tukuone utakavyotakata."

Guta lilitufikisha upande wa Mtoni, mahali barabara inapoishia na hori la bahari linapoanzia. Maji yalikuwa yametoka, na kati yetu na gati palikuwa na uwanda wa matope. Mahali hapo mtu mwenye mzigo kichwani huzama hadi magotini. Tulifunga kamba mbili kwenye mdomo wa beseni, kila mmoja akatia yake begani, na mdogo wangu akapaza sauti ile ya bandarini, ya kuwapa watu pumzi moja. Beseni likateleza. Tope lililipokea kama ambavyo theluji ingelipokea, nasi tulilikokota bila taabu kubwa, tukicheka kwa mshangao, wazee wawili kwenye uwanda mtupu tukivuta nyumba.

Gati lenyewe ni jukwaa la zege juu ya nguzo, lililoachwa na watu waliokuwa wakipakia mchanga. Bamba moja la sakafu limeanguka, likaacha tundu kubwa kuliko sinia la pilau. Tulilisimamisha hema juu ya tundu hilo. Tulivua ndala mlangoni, kwa mazoea ya kuingia nyumbani, tukaingia, tukafunga zipu.

Kwanza ni giza. Kisha, macho yakizoea, lile tundu huanza kuwaka. Nuru yote ya mchana, iliyonyimwa kupita juu, huingia majini pembeni mwa gati na kupanda kutoka chini, ya kijani, tulivu. Maji ya kujaa huja safi kutoka baharini, na ndani ya hema lisilo na dirisha mtu huona chini yake kila kitu: changu wakigeuka, kaa akitembea kwenye nguzo, jani likipita. Uso wa mdogo wangu uliangazwa kutoka chini, kama uso wa mtu anayesoma kando ya taa iliyowekwa sakafuni. Sijapata kukaa mahali pa utulivu kama pale, na sisemi hivyo kwa kupasifia.

Tulikwenda mara kadhaa, kila maji yalipotufaa. Siku ninayoizungumzia upepo ulikuwa mkali na kitambaa kilipiga kelele. Maji yalikuwa yakijaa. Mdogo wangu alisema, "Nalitazama lile beseni, kamba isije ikalegea," maana tulikuwa tumelifunga nje kwenye nguzo. Akafungua zipu, akatoka, akaifunga tena nuru isiingie. Nilisikia hatua zake juu ya zege. Sikusikia kitu kikitumbukia majini. Watu wameniuliza mara nyingi, na jibu ni hilohilo: kitambaa kilikuwa kinapigwa na upepo, na sikusikia.

Baada ya kitambo wayo ulipita tunduni. Ulitoka upande wa bahari kwenda upande wa nchi kavu, pamoja na maji, polepole, kisigino kikiwa juu. Ulikuwa wayo wa kulia. Kisigino kilikuwa cheusi kuliko sehemu nyingine. Nilidhani ni kivuli. Juu ya kifundo sikuona kitu, kwa kuwa ukingo wa zege uliukata mguu pale. Ulipita ukaisha, na samaki waliokuwa wametawanyika wakarudi.

Nilimwita. Nikafungua zipu, nikatoka, na jua likanipiga hata nisione ila weupe. Kwamba naye, mwenye jicho bichi, alipofushwa hivyohivyo akakosea ukingo, hiyo ni dhana, nami naiita dhana. Macho yaliporudi, niliona beseni limefungwa salama, ndala zake na zangu mlangoni, na maji yanayometameta. Nilipiga kelele. Wavuvi wawili walikuja na mtumbwi, wakazamia hadi maji yalipoanza kutoka. Polisi waliandika maelezo yangu. Hakuna kilichopatikana siku ile wala baadaye.

Ndipo maneno yalipoanza kuzaliana. Kila aliyeleta neno kwa shemeji alimletea siku nyingine ya kungoja. Alikuwa akipika akimbakizia mumewe. Nililiona hilo mwenyewe, sahani imefunikwa kawa, na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Mtoto wake wa kwanza, mtu mzima mwenye watoto, alinifuata kwangu.

"Baba mkubwa, neno moja tu. Sema uliuona uso."

"Sikuuona uso."

"Lakini unajua ni yeye."

"Ninachokijua na nilichokiona ni vitu viwili."

"Mama anakwisha, baba mkubwa! Unamwekea sheria ya mahakamani kwenye sufuria yake?"

Maneno yale yalinifanya nijitilie shaka kwa namna nyingine: huenda hata wayo sikuuona. Mzee, gizani, maji yanayocheza. Ningemhojije shahidi wa namna hiyo? Basi nilirudi gatini peke yangu. Hema lilikuwa bado limesimama. Niliingia, nikafunga zipu, nikaishusha tunduni sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kwenye mshipi. Niliiona hadi maua yake ya ukingoni, na nilipoizungusha niliona doa la kutu chini yake. Macho yangu yalikuwa mazima, na tundu halidanganyi.

Nilipaswa kuondoka hapo. Badala yake nilikaa. Nuru ilipanda kama siku zote, na baada ya muda nilijikuta nimesogea upande mmoja wa kigoda, kama mtu anavyosogea kumpisha mwenzake. Kisha nikasikia hatua juu ya zege. Zilikuja hadi mlangoni zikasimama. Nilingoja zipu ifunguliwe. Sikuomba dua, sikuita. Nilingoja tu, na mikono yangu ilikuwa imekamata mshipi hata ukanikata kiganja. Zipu haikufunguliwa. Nilipotoka, niliona kipande cha kamba kinapigwa na upepo kwenye nguzo, na sauti yake ilikuwa ileile. Ilikuwa kamba. Nimekwisha kuthibitisha kuwa ilikuwa kamba. Hata hivyo usingizi wangu haujaukubali uthibitisho huo.

Nililikunja hema nikalifunga juu ya beseni, maji yalipotoka nikalikokota mwenyewe. Lilikuwa zito kuliko siku ya kwanza. Tulikuwa wawili siku ile, sasa nilikuwa mmoja, na kitambaa kilikuwa kimenyonya chumvi. Nilijieleza hivyo njia nzima, na sikugeuka nyuma.

Kisha nikampelekea shekhe habari kwamba niko tayari kusema.

Tulikutana nyumbani kwa mdogo wangu, sebuleni: shekhe, yule mtoto wa shemeji, na mimi. Shemeji alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia la mlangoni. Nilisema kama nilivyosema hapa, bila kuongeza.

"Uso hukuuona," alisema shekhe.

"Sikuuona."

"Unaapa kwamba ulikuwa wayo wake?"

"Naapa kwamba ulikuwa wayo wa mtu. Zaidi ya hapo siapi."

Mwanawe akainamisha kichwa. "Basi tumerudi palepale. Baba mkubwa, umetufungia mlango."

Shekhe alizungusha tasbihi. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza bei ya unga.

"Shemeji. Hicho kisigino, weusi wake ulikuwa wa namna gani?"

"Kama kivuli," nikasema.

"Kivuli kilikaa mahali pamoja, au kilitembea na mguu?"

Hakuna aliyepata kuniuliza hivyo, wala mimi sikuwa nimejiuliza. Nikaurudisha wayo kichwani, ukapita tena kuanzia ukingo hadi ukingo, na nikaona kwamba weusi ule haukubadilika ulipotoka kwenye mwanga kuingia chini ya nguzo.

"Ulitembea na mguu."

"Uliishia wapi?"

"Ulizunguka kisigino. Ukapanda kidogo upande wa ndani, ukakatika kama mstari."

Nje mtu alikuwa akinadi dagaa. Kisha shemeji akasema, "Alikuwa na magaga kisiginoni yanamuuma. Nilimpaka hina usiku wa kuamkia siku ile. Wa kulia tu; wa kushoto alisema nitampaka akirudi."

Mwanawe alifunika uso. Shekhe aliniangalia, nami nikamwambia ukweli: hina hiyo sikuiona ikipakwa, ndani ya hema sikuwa nimeitazama miguu yake, nani hutazama miguu ya nduguye? Hilo ni neno la mkewe, nalo si langu kulithibitisha. Shekhe alisema atayapeleka maneno yote mawili kwa kadhi, lake na langu, kila moja likibaki kama lilivyosemwa. Kadhi aliamua nini na lini, nimeelezwa, lakini sikuwapo.

Nyuma ya pazia nikasikia chuma kikigusana na chuma, mara kadhaa, taratibu. Pazia halikufunguliwa. Mkono ulitoka kando yake, mkono wa kulia, umeshika bangili za dhahabu, ukamnyooshea mwanawe. Alizipokea. Mkono ulibaki hewani kidogo, mtupu hadi kiwiko, kisha ukarudi ndani.

Huo niliuona.