Siku Niliyomkana Mbithe Mbele ya Wapimaji

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usihangaike kumtafuta mwingine wa kulaumu. Sikudanganywa na mtu, sikulewa, na shetani, ambaye kanisani kwetu hubebeshwa mizigo mingi, siku hiyo alikuwa na shughuli zake. Nilikuwa mimi, na shahada yangu ya chuo kikuu, na tai shingoni kwenye jua la Wote, kwetu Makueni.

Nivumilie nikueleze polepole. Hata mke wangu anajua nusu tu ya jambo hili.

Baba yangu alikuwa na kaka aliyeitwa Musyoki, aliyekufa bila kuacha mtoto. Mjane wake nilimwita mama mkubwa. Kwetu Ukambani, mwanamke kama huyo haachi nyumba yake izimike. Anatoa mahari, anaoa msichana kwa jina la mwana ambaye hakumpata. Msichana huyo huitwa iweto. Ni mkaza mwana kamili, na watoto atakaowazaa ni wajukuu wa nyumba ile. Baba yao ni nani? Kwetu hilo ni swali la mtu asiye na adabu.

Iweto wa mama mkubwa alikuwa Mbithe, msichana wa rika langu. Mume wake alikuwa binamu yangu ambaye hakuwahi kuzaliwa, kwa hivyo tuliitana shemeji na kutaniana kama mashemeji wengine. Alipenda kuniambia kwamba hakuna mwanamume Makueni nzima anayemfikia mume wake: hanywi, hapigi, na hajawahi kuuliza kwa nini chakula kimechelewa.

Alizaa watoto watatu. Wa kwanza akaitwa Musyoki, jina la marehemu, na nyumba ya ndugu wa baba ikawa na mwenyewe tena.

Sasa usikie ubaya wangu ulivyo. Mbithe ndiye aliyenisomesha! Si peke yake, lakini vyondo alivyosuka usiku na mchana viliuzwa sokoni ili mimi nikae Nairobi nikijifunza maneno makubwa kuhusu haki na jamii. Niliyajifunza vizuri sana. Nilipita mtihani.

Nikarudi nyumbani, nikawa mwalimu wa sekondari na mzee wa kanisa. Wote haikuwa mji wakati huo. Ilikuwa mstari wa maduka, soko, punda wa maji na vumbi. Lakini ilikuwa inakua, na sisi tuliokaa hapo tuliona. Wageni kutoka Machakos walianza kuja Jumamosi wakiulizia ploti. Muuza misumari alifungua duka la pili kabla la kwanza halijapakwa rangi. Ilisemekana tutapewa wilaya yetu wenyewe, na kwamba ofisi zitajengwa upande ule ule wa shamba la mama mkubwa. Nikaanza kuota mabati.

Wapimaji wa ardhi walifika wakati mama mkubwa yuko hospitalini, amevunjika nyonga. Walikaa uani kwake, daftari juu ya meza. Mimi ndimi niliyewapokea. Mbithe ndiye aliyewapikia chai.

Afisa mwenye daftari, mtu wa mbali asiyejua Kikamba, aliniuliza huyu mama ana nafasi gani katika shamba hili. Mbithe alikuwa amesimama hapo hapo na birika mkononi. Nilijibu kwa Kiingereza, lugha ambayo Mbithe hakuijua. Nilisema ni mfanyakazi aliyekuja kumsaidia bibi kizee, na kwamba mrithi ni mimi. Wazee wawili wa kamati ya ardhi ya kijiji waliokuwepo hawakujua Kiingereza pia. Walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu kijana wao amesoma.

Wageni walipoondoka, Mbithe alikusanya vikombe, akanigeukia.

"Asante kwa kutusemea, shemeji," akasema.

Nikamwambia si kitu.

Bado ningeweza kurudi nyuma. Orodha ilibandikwa kwenye ubao kwa chifu, na watu wakapewa siku za kupinga. Mbithe hakujua kusoma, akaniomba nikamsomee. Nilikwenda. Nikavaa miwani, nikasoma jina langu peke yangu juu ya shamba zima, nikarudi nikamwambia kila kitu kiko sawa. Siku za kupinga zikapita huku yeye akipalilia mbaazi.

Usidhani moyo haukunisumbua. Ulinisumbua, lakini mtu aliyesoma hakosi sababu. Nilijiambia kwamba mwanamke kumwoa mwanamke si jambo la Biblia, wala korti haiwezi kulielewa. Nilijiambia kwamba nikishajenga nitawapa chumba kimoja cha nyuma, bure. Nilijiona mkarimu.

Mafundi walipochimba msingi katikati ya mbaazi, Mbithe alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi. Karani akamweleza kilichoandikwa. Hakuja kunipigia kelele. Alikwenda kumwambia mama mkubwa, ambaye alikuwa ametoka hospitalini, na wote wawili wakaja pale kwenye ujenzi, mmoja akiegemea fimbo.

"Mwanangu," mama mkubwa alisema, "Mbithe ni nani?"

Nikaanza habari za sheria. Nilisema mambo ya hati, ya daftari, ya jinsi serikali isivyotambua mila hizi zetu. Mafundi walikuwa wameacha kuchimba. Nilisikia sauti yangu ikiwa ile ile ya darasani.

"Serikali haikumjua," akanikatiza. "Wewe ulimjua."

Siku ya tatu walihama. Mbithe alikuwa na jamaa Makindu, na huko akafungua kihoteli cha mabati kando ya barabara ya Mombasa, akiwapikia wasafiri. Mama mkubwa akaenda naye. Nilijiambia hatamaliza mwezi, kikongwe yule atarudi nyumbani kwa mumewe.

Basi nikajenga. Vyumba vya biashara mbele, vya kuishi nyuma. Wilaya ikaja kweli, na makarani wakaja na masanduku yao wakitafuta pa kulala. Nikawa na kinyozi, fundi wa redio, bucha na muuza mitumba. Watu wakaniita landilodi. Nilipitisha siku nikiamua kesi za choo na za nani amemaliza maji ya pipa. Mimi mwenyewe nilifungua duka la vitabu, na wateja walioingia wengi walikuwa wakiuliza kama nina mkate.

Mji ulijaa, kwangu kukapungua watu. Jamaa zangu walikuja sokoni kila Jumanne wakapita mlangoni pangu bila kusimama. Mama yangu mzazi aliacha kuja kwangu kula. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza, kwa kuwa niliijua.

Mara mbili nilipanda gari hadi Makindu nikaishia kwenye stendi. Nilinunua soda, nikainywa nikitazama moshi wa jiko la Mbithe ng'ambo ya barabara, nikarudi Wote. Ndiyo ujasiri wa msomi huo!

Mwaka wa saba mama mkubwa alifariki. Nilikodi gari kwenda kuuchukua mwili, maana mke huzikwa kwenye boma la mumewe, na boma lile, hata kama lilikuwa limefunikwa na bucha na kinyozi, lilikuwa kwangu. Mbithe alinipa kiti na chai.

"Alisema azikwe hapa, shemeji," aliniambia. Alikuwa amenunua kishamba kidogo nyuma ya mji, kwa jasho lake. "Alisema hawezi kulala kwa mtu asiyemjua mkaza mwana wake."

Nikainuka niende, akaniita.

"Lakini wewe ndiye uliyesoma. Utusomee historia yake kaburini."

Sijui kama ilikuwa adhabu au heshima. Namjua Mbithe, nadhani ilikuwa heshima, na hilo ndilo linaloniua.

Nilisimama kando ya jeneza na karatasi iliyoandikwa na Musyoki, mwana wa kwanza wa Mbithe, mwandiko mzuri wa kijana wa sekondari. Nilisoma alikozaliwa, alikoolewa. Kisha nikafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu ameacha mkaza mwana wake mpendwa, Mbithe, na wajukuu watatu. Sauti ikakatika. Waombolezaji wakadhani ni huzuni, na mama mmoja akanishika mkono kunitia nguvu. Nikalisema: mkaza mwana. Ilinichukua miaka saba kulisema neno hilo mbele za watu, na nililisema mahali ambapo halikumfaa mtu yeyote.

Watu walipotawanyika nilimwendea Mbithe. Nilimwambia namrudishia shamba lote, na vyumba vyake, twende ofisi ya ardhi hata kesho asubuhi. Alikuwa akiosha sufuria za matanga. Hakuacha kuosha.

"Shamba la nini, shemeji?" akasema. "Niliyetaka arudi pale tumemzika leo."

Musyoki alinisindikiza hadi barabarani. Kwa desturi yetu kijana mwenye jina lile ningemsalimu kama baba yangu mkubwa, naye angenijibu kama mtoto wake, na tungecheka. Alinipa mkono, akaniambia, "Safari njema, mwalimu." Hivyo ndivyo anavyomuaga mtu yeyote anayeshuka kunywa chai.

Karatasi za kuhamisha hati niliziandaa. Nimezipeleka Makindu mara tatu. Mbithe hunipokea vizuri, hunipa chakula, na hakubali kutia alama ya kidole gumba. Kodi ya vyumba bado naipokea mimi. Naila. Sikufichi.

Wewe unayesoma haya, labda mji unakuja kwenu pia. Labda umeshaanza kupiga hesabu za mabati. Kama katika boma lenu kuna mwanamke aliyeletwa kwa mila, asiye na cheti wala Kiingereza, mshike mkono mwende ofisini pamoja, jina lake liandikwe mbele ya macho yake. Akikuomba umsomee ubao, msomee kilichoandikwa. Na ufanye hivyo wakati yule bibi aliyemleta angali hai, anaweza kukaa kizingitini pake akawaona mkirudi. Mimi nilingoja. Sasa nina hati ya nyumba ambayo wenyewe hawaitaki tena.