Ufunguo wa Kufuli la Chini

Ugomvi wa mama yangu na shangazi yangu ulikuwa mali ya kijiji, kama kisima na barabara. Watu waliulinda. Mtu akisikia kwamba wawili hao wamekaribia kusalimiana, alikosa usingizi. Nasema haya bila utani, ingawa najua wa mbali watacheka.

Msitu ulio juu ya nyumba zetu ni wetu. Zamani ulikuwa wa serikali, na sisi tulikuwa wezi wa kuni katika ardhi ya babu zetu. Baadaye tukarudishiwa, lakini kwa masharti: tuwe na kamati, tukate miti michache tu iliyochaguliwa kila kiangazi, na kila mti uliokatwa ugongwe kwa nyundo ya chapa, mara moja kwenye kisiki na mara moja kwenye gogo. Nyundo yenyewe haizidi mkono wa mtoto, ila uso wake umechongwa alama ya kijiji. Gogo lisilo na alama halivuki kizuizi cha barabarani. Lenye alama linavuka hata kama ni la wizi. Kwa hiyo mwenye nyundo ndiye mwenye msitu. Mengine ni maneno tu.

Nyundo ilikaa katika ofisi ya kamati, ndani ya sanduku la chuma lenye makufuli mawili. Wenye funguo wa kwanza walikuwa marafiki, chanda na pete. Kikulacho ki nguoni mwako. Kiangazi kimoja tu, mteremko mzima wa mashariki ukabaki visiki, vyote vina alama safi kabisa, na kijito kikakonda hadi tukawa tunateka maji kwa kikombe. Mkutano wa kijiji ulipokaa kwa hasira, fundi baiskeli akasimama akasema, "Tatizo si makufuli, jamani. Tatizo ni urafiki. Wapeni funguo watu wasioweza kula sahani moja."

Watu walicheka. Kisha wote wakageuka kumtazama mama yangu, halafu wakamtazama shangazi.

Ikawa sheria: wenye funguo wawe mahasimu, na wakipatana tu, funguo zibadilishwe siku hiyo hiyo. Mama alipewa kufuli la juu, shangazi la chini. Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwetu tembo walipigana na nyasi zikapona.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Baba alikuwa mpasua mbao. Homa ilipomshika, mama alimuuguza nyumbani akidhani ni uchovu wa msumeno, na alipofikishwa hospitali maji yalikuwa yamezidi unga. Mbele ya waombolezaji wote shangazi alimnyooshea mama kidole: "Ungemwahisha, kaka yangu angekuwa hai!" Mama akageuka. Aliingia ndani, akafunga mlango, na kwa shangazi mlango ule haukufunguka tena.

Lakini mimi shangazi alikuwa wangu. Hakujaliwa mtoto, akanichukua mimi kama mtoto wake. Kazi yake ilikuwa kutunza kitalu cha miche nyuma ya ofisi ya kamati, na ukienda asubuhi ulimkuta amepiga magoti kati ya viriba, udongo hadi kwenye viwiko, akiisema miche kama watoto watundu. "Wewe, simama wima, unaniaibisha." Mteremko ule uliokuwa visiki aliupanda upya kwa mikono yake. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na alinipenda bila kificho. Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe wao. Siku za kufungua sanduku tulisimama watatu katika kile chumba kidogo kinachonuka karatasi na panya, mama akisema, "Mwambie shangazi yako afungue, tusilale hapa," na shangazi, ambaye bega lake liligusa bega la mama, akijibu, "Mwambie mama yako nimesikia, sina pamba masikioni." Kamati dirishani ilitabasamu kwa raha. Mambo yalikuwa salama.

Kisha tukapata mwenyekiti mpya, mtu wa tabasamu pana na viatu visivyojua matope. Aliitaka mivule iliyozunguka chanzo cha maji, miti ambayo hakuna kamati iliyowahi kuigusa, maana mivule ile ikianguka kijito kinakauka, na kijito kikikauka hatuna kijiji. Alimjia mama, mama akamfukuza. Alimjia shangazi, akamwagiwa maji ya kumwagilia miche. Basi akabadilisha njia, na hapa ndipo ninapompa sifa yake yule mtu, alikuwa na akili ya shetani: akaanza kuhubiri amani. Kila mkutano, wifi wawili wapatane. Kila msiba, maisha ni mafupi, wifi wawili wapatane. Alijua kwamba wakishikana mikono tu mbele ya watu, funguo zinahama, na wa kuzipokea, mahasimu wa uongo, alikuwa ameshawaandaa.

Hapo mama akaugua. Alipopelekwa hospitali ya wilaya, tumbo lilikuwa limemvimba na macho yamegeuka manjano. Daktari aliniita kwenye korido akaniambia nijitayarishe. Nilirudi kitandani nikakaa, nikatazama mlango wa wodi. Nilikuwa namngoja shangazi. Nilijua atakuja. Hata paka na panya, siku nyumba inapoungua, hutoka kwa mlango mmoja.

Hakuja. Siku zikapita, wakaja majirani, akaja fundi baiskeli na kofia yake mkononi, na shangazi hakuja. Niliacha kutazama mlango. Nilianza kumchukia, na chuki ile ilikuwa na ladha, naikumbuka hadi leo, kama kulamba chuma.

Aliyekuja ni mwenyekiti, na machungwa kwenye mfuko. Alivuta kiti hadi karibu na mto.

"Pole sana, mama. Binti, pole. Mimi nasema wifi yake aitwe. Nitamleta mwenyewe kwa gari langu. Wapeane mikono kabla..." Hakumalizia. Macho yake yalikuwa shingoni mwa mama, yakitafuta kamba ya ufunguo.

"Wifi yangu simtaki," mama akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika vitanda vya jirani. "Akiingia humu, mimi natoka, hata kwa machela."

Mwenyekiti alitabasamu, akaacha machungwa, akaondoka. Dirishani nilimwona akisimama kuzungumza na dereva wa lori la magogo. Lori lilikuwa tupu na lilikuwa likingoja.

Nikamwambia mama, "Afadhali umemkataa. Hana utu yule mwanamke. Sitamsamehe."

Mama alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Nyamaza. Inamisha kichwa. Nimemkataza mimi asije."

Akaniambia kwa vipande, akipumzika katikati. Sheria yetu inataka wenye funguo waifuate nyundo popote inapokwenda, hadi irudi sandukuni. Siku za kugonga chapa, wapasua mbao hutangulia, na wale wawili huachwa nyuma, kutwa nzima, bila mtu mwingine. Kiangazi cha kwanza mama aliteguka mguu bondeni. Shangazi alisimama akamtazama. Kisha akavua mtandio wake wa bluu, akauchana, akamfunga mguu, akambeba mgongoni. Njiani mama akalia, akasema, "Kweli nilichelewa. Kila siku najiambia nilichelewa." Na shangazi, akiwa amembeba, akajibu, "Mimi nilitafuta wa kumlaumu, wifi, ukawa karibu." Wakaketi chini wakalia hadi wakaishiwa. Walipofika mwanzo wa nyumba shangazi akamshusha, akatangulia mbele akipiga kelele kwamba wifi yake anatembea kama kinyonga mjamzito.

"Tangu wakati ule?" niliuliza.

"Tangu wakati ule. Sasa angekuja hapa, angelia, unamjua. Watu wangeona. Na mivule ingekwisha." Alinyoosha kidole kwenye mto wake. Ndani ya foronya nilikuta ufunguo, na kando yake kipande cha mtandio wa bluu, kimekunjwa vizuri na kufuliwa mara nyingi hadi kikapauka.

"Yeye hajui kama nimekuambia," mama alisema. Yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho yenye maana.

Tulimzika. Sheria nyingine yetu inasema ufunguo usilale bila mwenyewe, basi mkutano ulifanyika palepale uani kwetu, watu wakiwa bado na udongo wa kaburi viatuni. Mwenyekiti alikuwa tayari. Shemeji yake mwenye duka, tangu mama alazwe, alikuwa ameanza ghafla kumtukana shangazi kila kona, eti mbuzi wake alikula sabuni dukani. Shangazi hajawahi kufuga hata kuku.

"Ndugu zangu," mwenyekiti akasema kwa sauti ya msiba, "tunahitaji hasimu wa huyu mama. Wote mnajua ugomvi wake na shemeji yangu."

Watu walitazamana. Hakuna aliyeamini habari ya mbuzi, lakini hakuna aliyekuwa na jina lingine, maana nani alikuwa na ugomvi na shangazi? Alikuwa amewagawia wote miche. Alisimama mwishoni kabisa, karibu na lango, mahali pa mtu asiyetakiwa, mikono ikiwa chini. Alikuwa amekonda. Nilielewa ghafla kwamba tangu mama alazwe hakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia pole.

Mikono ilianza kuinuka kwa ajili ya mwenye duka. Mmoja, kisha mwingine.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nilitembea kati ya watu hadi mbele ya shangazi, nikamnyooshea kidole, na nikachota kutoka kwenye ile chuki ya wodini, kwa sababu ilikuwa ya kweli na ilikuwa bado mbichi.

"Alikungoja!" nilipiga kelele. "Mama yangu alikungoja, na hukuja! Umekuja leo kula? Ungekuja hata siku moja! Mimi sina shangazi. Shangazi yangu nimemzika leo pamoja na mama."

Niliuona uso wake ukivunjika. Alifungua mdomo, na najua neno lililokuwa ulimini mwake, lingeweza kumtoa lawamani kwa sekunde moja. Aliliona kaburi, akamwona mwenyekiti, akalimeza. Akageuka akatoka langoni, akijishika kwenye ukuta. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alianza kulia kwa sauti.

Fundi baiskeli alikuwa ameshasimama. "Mnatafuta nini tena? Hasimu si huyu hapa?"

Mikono iliinuka yote. Mwenyekiti aliinua wake mwisho kabisa.

Sikulala. Nilitaka kukimbia kwa shangazi, lakini shemeji yule alikuwa ameweka kiti chake barazani mkabala na nyumba ya shangazi, eti anapunga hewa. Asubuhi kamati iliamuru sanduku lifunguliwe, ihakikishwe nyundo ipo. Chumba kilijaa. Shangazi aliingia bila kuniangalia, macho yamevimba, akasimama upande wake kama alivyosimama miaka yote, ila sasa bega lake lilijitenga na langu. Mwenyekiti alikuwa nyuma yetu. Nilisikia pumzi yake.

Niliingiza mkono kifuani nikatoa ufunguo. Nilikuwa nimeufunga kwa kile kipande cha bluu.

Niliufungua polepole, mbele ya macho ya shangazi, kama mtu anayehangaika na fundo. Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama mikono yake tu, ile mikono ya udongo, na nikaona imesimama hewani, ufunguo katikati ya vidole. Kisha ikauelekeza ufunguo wake kwenye kufuli la chini, ikauingiza mara ya kwanza bila kukosea.

"Mwambieni huyu mtoto afungue," alisema, sauti ikikwaruza, "tusilale hapa."

"Mwambieni nimesikia," nikajibu. "Sina pamba masikioni."

Fundi baiskeli alicheka kwa raha dirishani. Nyundo ilikuwepo. Lori liliondoka tupu wiki ileile, na mwenyekiti hakuchaguliwa tena.

Nilishika kufuli la juu hadi nywele zikaanza kunigeuka nyeupe. Sikumwamkia shangazi yangu hadharani hata mara moja. Alipougua kifua, nilipita mbele ya mlango wake nikitema mate, kisha nikaenda kulia kwenye shamba langu. Tulikuwa na siku za nyundo tu, kila kiangazi, huko juu chini ya mivule, ambako alinisuka nywele na kunisimulia habari za baba. Watu wanasema tuliuokoa msitu. Sawa. Lakini mimi najua ulitugharimu nini.

Mwezi huu kijiji kimepata mahasimu wapya, wenye mashine za kusaga wawili ambao hata mvua wanaigombania, na jana nimerudisha ufunguo mbele ya mkutano. Nikatoka ofisini mchana kweupe, nikashika barabara ya katikati. Watu waliacha kazi zao. Shangazi, sasa ni mzee na miguu haimtii, alikuwa ameketi nje, kiriba cha mche mapajani. Nilisimama mbele yake, goti likagusa udongo.

"Shikamoo, shangazi."

Aliweka kiriba chini. Midomo ilimcheza. Kisha akageuza kichwa, kwa mazoea ya miaka yote ile, akatafuta mjumbe, akamwona fundi baiskeli mlangoni pa karakana yake.

"Mwambie mwanangu," alisema huku machozi yakimtiririka, "nimeitikia. Marahaba."