Alimtafutia mumewe kundi la kuacha pombe, sasa analionea wivu

Saa moja asubuhi, soko la Nakawa, Kampala. Anena amepiga magoti mbele ya gunia, anapepeta mukene, wale dagaa wa ziwani, na kuwatoa mchanga. Mumewe, Okidi, ametoka zamu ya usiku Nakasero anakolinda lango la ofisi, na amekwenda kununua chai. Koti lake limebaki kibandani. Simu inaita mfukoni mwa koti. Anena anatazama jina, anasonya, anaendelea kupepeta.

“Ni huyo tena,” anasema. “Mimi bwana yangu hata sijamsalimia vizuri, yeye amekwisha kupiga.”

Huyo si mwanamke. Ni muuza vipuri vya magari, Mnubi wa makamo, ambaye tutamwita Ramathan kwa kuwa kundi lake halitaki majina yao gazetini. “Kama ilikuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia,” anasema Anena. “Sasa mwanamume mwenzake nitamufanya nini?”

Anena ana miaka 43. Baba yake alikuwa polisi, na kambini ndiko alikookota Kiswahili pamoja na ulimi usioogopa mtu. Okidi alimuoa akiwa hanywi kabisa. Pombe ilianza na malwa ya marafiki, wakinywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, ikaishia kwenye waragi kali ya kunywa peke yake. Mshahara wake wa laki tatu ulifika nyumbani Luzira ukiwa nusu, miezi mingine haukufika. Binti yao, Moreen, amesomeshwa na mukene.

“Nilimulilia, nikamwaga chupa, nikaita kaka yake kutoka Gulu,” anasema. “Hakuna kitu.”

Mwaka jana kampuni ya ulinzi ilimpa Okidi onyo la mwisho: akikutwa amelewa langoni tena, kazi basi. Ndipo Anena alipoanza kuulizia. Nesi mmoja akamwambia kuna watu hukutana Alhamisi jioni katika ukumbi mmoja hapo Nakawa, wanakaa kwenye viti vilivyopangwa duara, kila mmoja anasimama na kutaja jina lake. Kibao hawana.

Alhamisi ile Anena alimshika Okidi mkono mpaka ukumbini. Viti vilikuwa vimepangwa duara, na watu walikuwa wakisimama mmoja mmoja kujitambulisha. Zamu ya Okidi ilipofika, alisimama. “Naitwa Okidi. Pombe imenishinda. Nimekuja munisaidie.”

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Ulikuwa mkutano wa harusi, zile kamati za Kampala ambamo ndugu na majirani huketi kila wiki kuahidi michango. Mtu mmoja akasema kamati ya vinywaji imepata mwenyekiti wake. Okidi alitoka nje bila kumtazama mkewe, akaelekea kilabuni, Anena nyuma yake.

Ramathan, aliyekuwa amekuja kumchangia jirani yake, aliwafuata hadi getini. “Afande, ngoja,” alisema kwa sauti ya chini. “Mkutano munatafuta iko nyuma ya hii nyumba. Mimi pia naenda huko. Mama, wewe utatusubiri nje, huko ni sisi wenyewe tu.”

Anena akasubiri kwenye ngazi. Baada ya muda akasikia mtu akicheka ndani, kicheko kinene cha kutoka tumboni. Alikuwa Okidi. “Hicho kicheko mimi nilikitafuta miaka, jamani, banange,” anasema. “Wao wamekipata jioni moja.”

Tangu hapo Okidi hajaonja. Kazi anayo, mshahara unafika, na majirani wanampongeza Anena. Yeye anatabasamu na roho inamuuma. Mumewe huzungumza na Ramathan nje ya nyumba, chini chini, kisha anaingia ndani na kuuliza kuna chakula gani.

Mwezi uliopita wivu ulimzidi. Siku ya mshahara aliifukia simu ya Okidi ndani ya gunia la mukene. Okidi aliitafuta kila mahali ili ampigie Ramathan, kisha akaondoka taratibu kuelekea kwenye mabenchi ya malwa nyuma ya soko. Anena akamkimbilia na ungo mkononi.

“Simu ni mimi nimeficha,” alimwambia. “Ile maneno unaambia Ramathan, leo niambie mimi.”

“Nataka kunywa, Mama Moreen. Nataka sana. Sikuambiagi kwa sababu utalia,” akasema Okidi.

“Na kweli nikalia,” anasema Anena. “Yeye akaanza kunibembeleza mimi, na kiu yake iko palepale.”

Aliirudia simu, akaifuta vumbi la samaki, akampigia Ramathan kwa mkono wake mwenyewe na kumpa mumewe. Anasema hajawahi kufanya jambo gumu kama hilo, hata siku aliyomzika mama yake.

Baadaye Ramathan alimwambia kuwa wake na ndugu wa walevi nao wana kundi lao, Luzira, kila Jumapili. Jumapili hii Anena atafunga kibanda mapema aende. Anataka kujifunza kuyasikia maneno yale bila kulia.

“Siku moja kiu ikimushika, apige kwangu kwanza,” anasema, akimtazama Okidi anayekuja na vikombe viwili vya chai. “Huyo Ramathan pia asubiri nje kidogo.”